Sauti Zipi, Baba?

Binti yangu ni fundi cherehani, na kwa kushona kola hana mpinzani. Ila kichwani mwake huingia wageni wasiobisha hodi: sauti zinazomsema mchana kutwa. Daktari alituambia kuna kikundi cha tiba mpya, nafasi imebaki moja, na sharti amalize kwanza kipimo cha ubongo. Mara ya kwanza aliivua kofia ya nyaya akatimua mbio na jeli nywelini. Leo ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho, na moyo wangu ulidunda utadhani naolewa mimi.

Fundi wa kipimo, mwanamume mwenye kitambi cha heshima, akamvisha ile kofia. "Dada, utatazama sinema isiyo na maneno. Ukisikia sauti, usizisikilize."

Binti akasimama wima. "Nani kamwambia? Mama, umenitangaza tena?"

"Mimi? Leo bado sijatangaza mtu!"

Binti keshashika mkanda wa kofia kidevuni. "Miaka yote usizisikilize, usizisikilize! Ningeweza, ningekuja kwenu kupakwa jeli?"

Hapo nikang'amua, nikamgeukia fundi. "Baba, sauti zipi? Zake au zako?"

"Za mashine, mama! Milio!"

"Si useme milio! Utatuua!"

Akafungua spika tuisikie. Ti, ti, ti, ti... to! Niliruka kama nimekalia sindano. Binti akacheka mpaka nyaya zikatikisika.

"Ndicho tunachotafuta," fundi akasema. "Mlio ukibadilika ghafla, ubongo hushtuka wenyewe, hata kama mtu hasikilizi. Kwa wengi wenye ugonjwa huu mshtuko huwa mdogo. Tunataka kujua kwa nini."

"Na wangu?" binti akauliza.

"Kaa tuone."

Akakaa! Wakamvalisha hedifoni, nami nikaambiwa nisiseme neno, adhabu gani hiyo. Kwenye skrini mistari ilikimbia kama mshono wa mlevi. Mara mkono wake ukapanda kidevuni. Nikaacha kupumua. Ukashika mkanda, ukasita, ukajikuna shavu tu, ukashuka. Sinema ikaisha yeye yuko kitini!

Fundi akaunganisha majibu yote ya ubongo kwa ile milio, ukatokea mstari mmoja. "Hiki hapa kibonde cha mshtuko, mstari unaposhuka."

"Kipo?" Tuliuliza pamoja.

"Kipo. Si kirefu, lakini kipo. Wala kipimo hiki hakimhukumu mtu, dada. Umemaliza, nafasi ni yako."

Nilipiga kigelegele mle mle ndani, hadi mtu wa chumba cha pili akachungulia.

"Zile zako zilikuja?" nikamnong'oneza.

"Zilikuja. Zikasema mama yako hawezi kutulia."

"Ukazijibuje?"

"Kwamba hilo nalijua tangu nazaliwa." Akamgeukia fundi, jeli bado inamtiririka sikioni. "Kaka, kikundi kinaanza lini? Maana Jumatatu nina nguo za harusi."