Aliyechelewa Kujibu

Ukungu ulikuwa mzito hata fundi mapipa aliiona mikono yake ikiishia kwenye viwiko. Kasia alikuwa amelishika, maana uzito wake aliusikia, lakini macho yalikana. Chini yake mapipa sita matupu, yaliyofungwa pamoja kwa kamba, yaligusana na kuachana kama watu waliokalishwa benchi moja na hawapendani.

"Tumeshafika mbali?" shemeji yake alinong'ona.

"Sijui."

"Unajua nini basi?"

"Najua wewe ni mzito kuliko nilivyokadiria."

Shemeji alicheka puani. Alikuwa mwashi, mume wa dada yake, na miaka sita walikuwa wamefungwa pamoja kwa kosa moja: kukataa kazi ya shuruti. Jela yao ilikuwa meli kuukuu iliyokatwa milingoti, ikatiwa nanga mbali na pwani ili ioze huko pamoja na watu wake. Alfajiri hiyo walikuwa wameteremka kwa kamba upande wa jikoni, wakakata kamba za mapipa yaliyoning'inizwa ubavuni. Nchi kavu ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa makasia, kama mkondo ungewahurumia. Ukungu ukiondoka kabla hawajafika, bunduki za melini zingewafikia. Hayo ndiyo yaliyokuwapo ya kujua. Mengine yote yalikuwa meupe.

Walipiga makasia kimya. Kisha, kutoka nyuma yao, au labda kutoka kando, maana katika ukungu sauti haina kwao, ikaja.

Ngo. Ngo. Ngo.

Katika meli ile mtu hakuitwa kwa jina lake. Kila asubuhi sajenti alipita kwenye ujia akigonga kila mlango mara tatu kwa rungu, na mfungwa alipaswa kujibu mara moja kwa ngumi. Aliyejibu yu hai. Asiyejibu amekufa, hata kama anapumua. Fundi mapipa aliitwa alete pipa, maiti ikakunjwa ndani pamoja na mawe mawili, kifuniko kikapigiliwa, na bahari ikapewa chakula chake. Ndiyo sababu wafungwa walijifunza kujibu kabla ya kuamka. Wengine walijibu huku wanaota.

Sajenti hakuwa mjinga. Alikuwa ameingia kwenye mashua na askari wake, na sasa alikuwa akipita baharini akigonga ubavu wa mashua, mlango baada ya mlango usiokuwapo.

Ngo. Ngo. Ngo.

Mkono uliozoea hauombi ruhusa. Ngumi ya shemeji ilikwisha kushuka juu ya pipa kabla mwenyewe hajajua.

Ngo.

Fundi mapipa aliushika mkono ule, lakini sauti haishikwi. Walisogeleana hadi nyuso zikakaribia kugusana; wa shemeji ulikuwa umekauka kama chokaa.

"Nimetuua," alisema. "Shemeji, nimetuua."

"Nyamaza."

Makasia ya mashua yalizidi kukaribia. Walisikia maji yakichuruzika kutoka kwenye ncha za makasia, wakasikia mtu akikohoa. Fundi mapipa alifumba macho. Hakumwomba Mungu, alihesabu pumzi zake, maana ndizo alizobaki nazo.

Hapo ndipo mlio mwingine ulipotoka, mbali, upande wa kulia, mmoja tu, dhaifu, kama wa mtu aliyelazimika kuutafuta mkono wake kwanza.

Ngo.

Makasia ya mashua yakasimama.

"Wako kule," sauti ya sajenti ikasema. "Geuzeni."

"Kule, afande?" askari mmoja akauliza. "Kule si ndiko tunakowatupa wafu?"

"Geuza, nimesema!"

Mashua ikageuka. Waliisikia ikienda, ikigonga tena mara tatu. Kukawa kimya kirefu, kirefu mno, kisha jibu likatoka, safari hii nyuma ya mashua. Askari mmoja akaanza kusali kwa sauti. Mwingine akasema yeye ana watoto, na sajenti akitaka kwenda huko ajipigie makasia mwenyewe. Matusi yakafuata, kisha makasia yakapigwa kwa fujo na haraka, yakielekea kwenye meli, hadi yasisikike tena.

Shemeji alishusha pumzi. "Yule ni nani?"

Fundi mapipa alichovya kasia majini, akaliacha hapo. Alikuwa anamjua. Katika meli nzima kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejibu kwa kuchelewa.

"Shemeji, nimekuuliza."

"Mshona viatu."

"Yule mzee wa mlango wa mwisho? Si alikufa Jumapili?"

"Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Alichelewa kujibu." Fundi mapipa alisema huku akiyatazama maji. "Nilikuwa napigilia kifuniko, nikasikia akigonga kwa ndani. Mara moja. Sajenti alikuwa amesimama karibu nami kama ulivyo wewe. Nikaendelea kupigilia."

Shemeji alikuwa mtu wa maneno, lakini yapo mambo ambayo hata msemaji huyapisha njia.

"Mawe sikutia," fundi akaongeza. "Nililoweza ni hilo tu."

"Hilo tu," shemeji akarudia, na haikujulikana kama anasamehe au anahukumu. Kisha akasema, "Siku nne, shemeji. Hakuna mtu wa siku nne ndani ya pipa. Piga kasia."

Akapiga. Hawakwenda mbali. Ukungu ulijikunja mbele yao, na kupitia pengo lake likaja pipa, limelala ubavu, likisukumwa na mkondo polepole. Pete ya chuma iliyolibana katikati ilikuwa imekaa upande. Miaka ishirini ya kazi, na hiyo ndiyo pete pekee aliyopata kuipiga bila kuitazama.

Fundi mapipa aliweka kasia chini.

"Usifanye hivyo," shemeji akasema. "Tazama, ukungu unapungua. Naiona pua yangu."

"Nenda. Mwambie dada..."

"Mwambie mwenyewe! Mimi dada yako namwogopa kuliko sajenti."

Lakini fundi alikuwa keshateremka majini. Baridi ilimkamata kifuani kama koleo. Aliogelea hadi kwenye pipa, akalikumbatia, akabandika sikio kwenye mbao zake. Ndani hakukuwa na sauti, ila maji ya nje yakilamba.

"Mzee," alisema. "Ni mimi, fundi."

Kisha akakunja ngumi, akagonga mara tatu.

Akangoja.

Upande mmoja wa anga ulianza kuwa wa manjano. Meli kuukuu ikajitokeza kwa mbali, kwanza kama doa, kisha ikawa na umbo. Mbele, ufuo nao ukachora mstari mweusi. Mbwa akabweka huko. Kelele za watu zikasikika melini. Fundi mapipa hakugeuka. Katika maisha yake yote hakuwahi kumpa mtu muda mrefu namna ile.

Nyuma yake maji yalipasuka. Ulikuwa msukosuko wa mapipa sita na mtu mmoja anayetukana kwa pumzi fupi, akiyageuza peke yake. Kamba ikaruka, ikamwangukia begani.

"Dada yako akiniuliza kilichotuua, nitamwambia ni ubishi wa kwenu," shemeji alisema. Kisha akainama, akashusha sauti, kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa mlangoni.

"Kajibu?"

"Bado," fundi mapipa akasema, na akaanza kuifunga kamba kwenye pipa.