Yaya Haoshi Sahani

Kuna neno moja ambalo Klara aliliacha Upanga miaka ishirini na miwili iliyopita, na hakutaka kulisikia tena. Neno lenyewe ni yaya. Alitoka Masasi akiwa na miaka kumi na sita, akalea watoto watatu wa ghorofa moja, akawafundisha kutembea, akawafuta makamasi. Kila wageni walipobisha hodi, aliambiwa aingie jikoni na mtoto mpaka aitwe. Akiitwa, alimkabidhi mtoto kwa mwenyewe, kisha akarudi kwenye sahani. Leo ni fundi cherehani Kariakoo, ana wateja wanaomwita Madamu, na ukimwuliza alianzaje maisha mjini, atakuuliza unataka gauni la mshono gani.

Jirani yake pale barazani ni Mapendo, muuza vitenge, mtu wa Bukavu. Mkongomani kwenye Mtaa wa Kongo: utani huo Klara aliutoa siku ya kwanza na hajauchoka, na Mapendo bado anacheka, kwa adabu tu. Mapendo na mumewe Theophil walipofika mjini hawakujua hata pa kuanzia, na Klara ndiye aliyewatafutia chumba Ilala. Basi mtoto wao wa kwanza alipobatizwa, wakamwalika. Klara akajishonea gauni jipya na kushinda Jumamosi kutwa akisukwa.

Jumapili baada ya misa, ua wa Ilala ulikuwa umefunikwa turubai. Viti vya plastiki vilijaa, rumba inalia, samaki na sombe, yaani kisamvu chao, vimeshapakuliwa. Mapendo alimpokea Klara mlangoni, akamshika mkono mpaka katikati ya watu, akaamuru muziki uzimwe.

“Bandugu,” akasema, “huyu njo yaya yetu.”

Watu wakapiga makofi.

Kiswahili cha Bukavu na cha Bongo ni ndugu wasiofanana sana, lakini sentensi hiyo Klara aliielewa yote, au alidhani hivyo. Uso ukamshuka. Nani amewaambia? Amewatafutia chumba, amemshonea mtoto nguo ya ubatizo, kumbe machoni pao ni yuleyule wa Upanga, tena anatangazwa hadharani na makofi juu. Iliuma, na hakuna haja ya kuzunguka.

Mwingine angechukua mkoba akaondoka. Klara hasusi kwa miguu, anasusa kwa mikono. Alifunga kanga juu ya gauni jipya, akapita moja kwa moja mpaka nyuma ya nyumba, akavuta kigoda, akaanza kuosha masufuria. Wanawake walimsihi aliache dodoki. Hakuliacha. Habari ikafika mbele, na mazungumzo yakakatika meza moja baada ya nyingine.

Mapendo akaja mbiombio, mtoto begani. “Yaya, tumekukosea nini?”

“Hamjanikosea. Si umesema mimi ni yaya? Yaya ndiye huyu, anaosha.”

“Yaya haoshaka sahani.”

“Huko kwenu. Hapa ndiyo kazi yake. Anaosha, analea watoto wa watu, wageni wakija anafichwa jikoni. Nimeifanya miaka minane, usinifundishe.”

Hayo Klara hakuwahi kumwambia mtu Kariakoo nzima, na sasa aliyasema mbele ya wanawake sita na sufuria la ugali.

Mapendo akamhamishia mtoto bega la pili. “Sisi, yaya njo dada mukubwa,” akasema taratibu. “Wa kwanza kuzaliwa. Yaya yangu alikufa tukiwa njiani, unajua. Tangu siku ile sikumwita mutu hivyo.”

Klara alijua. Aliwahi kusikia habari za dada huyo mara moja tu, katikati ya kukunja vitenge, na hakuuliza zaidi. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

“Ukubwa jalala,” akasema. Alitaka iwe utani, lakini hata yeye hakucheka.

Mapendo akamfuta mikono kwa pindo la kitenge chake mwenyewe, akamrudisha mbele, akamketisha kwenye kiti cha katikati na kumpakatisha mtoto. Theophil, anayemzidi Klara miaka mitano kamili, akainama mbele yake.

“Shikamoo, yaya.”

“Marahaba,” Klara akajibu, kwa shida.

Wageni wakawa wanapita mmoja mmoja kumwona mtoto, na kila mmoja alianza kwa kumsalimia yeye. Alipofika wa nne au wa tano, mtoto akaanza kulia. Klara, kwa mazoea, akamwinua kwa mikono miwili, akageuka kumtafuta mwenyewe ampokee. Mapendo alikuwa palepale ubavuni, anamenya ndizi. Hakunyoosha mkono, wala mtu mwingine hakunyoosha. Klara akangoja kidogo, kisha akamlaza mtoto begani kwake na kuanza kumpigapiga mgongo.