Wakia Mbili na Ushei

Sonara aliziweka bangili mbili za marehemu Mama kwenye mizani, akasubiri namba zitulie, akasema, "Wakia mbili na ushei."

Kitindamimba, ambaye nyumbani walimfupisha wakamwita Kitinda, aliinama kuzisoma namba mwenyewe. Maisha yake yote alimsikia Mama akijisifu kwamba dhahabu yake ni sita. Sita nini, Mama hakutaja, na ni mtoto gani angethubutu kuuliza? Tangu msiba bangili zilikaa kabatini kwa Dada, na jana ndiyo kazitoa zikapimwe, kila mmoja wao wawili achukue yake. Na Dada huyohuyo juzi tu kanunua cherehani mpya. Leo sita imekuwa mbili.

Mdomo wa Kitinda haujawahi kuisubiri akili yake. Alimpigia Dada simu palepale kaunta, wateja wengine wakitega masikio.

"Dada, umezibadilisha bangili za Mama. Nne nzima umepeleka wapi?"

Dada akakata simu.

"Nne zipi?" akauliza sonara.

"Mama alisema ni sita."

"Basi sita hizo ni tola. Wazee walipima kwa tola. Mimi nimekutajia wakia. Tola sita haifiki hata wakia mbili na nusu."

Sasa mbili ndiyo sita, au sita ndiyo mbili? Kitinda alijaribu kuhesabu kwa vidole, akapotea njiani. Sonara akabonyeza kitufe, na dhahabu ileile, bila kuguswa na mtu, ikawa tola tano na ushei.

"Kwa hiyo imepungua," Kitinda alisema, na akajichukia kwa jinsi moyo ulivyomtulia. Angalau asingekuwa mkosaji peke yake.

"Imepungua kidogo." Sonara akazigeuza chini ya taa. Pale bangili zilipokuwa zikigusana, nakshi ilikuwa imefutika kabisa. "Tupa ya kusugulia dhahabu haijapita hapa. Zimesagana zenyewe. Alikuwa hazivui?"

Hakuwa akizivua. Alifulia nazo nguo zao za shule, alikandia nazo unga, aliwachapia nazo. Machozi yalimtoka Kitinda, naye hakujua kama anamlilia Mama au anaililia ile simu.

Dada aliingia tepe la kupimia likiwa bado shingoni. Kibanda chake cha kushonea kilikuwa mtaa wa pili. Sonara ndiye aliyeeleza, maana Kitinda alikuwa bado analia. Dada alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alizichukua bangili kwenye mizani, akamshika mdogo wake mkono, akamvisha moja, akamvisha na ya pili.

"Dada, moja ni yako."

"Vaa zote, mdogo wangu. Nikivaa yangu, kila nikija kwako utakuwa unaipima kwa macho."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomvuruga Kitinda kuliko yote. Amepewa au ameadhibiwa? Alishindwa kushukuru, alishindwa kuomba radhi. Dada alipotoka, Kitinda alianza kuivuta bangili moja amkimbilie nayo, lakini ilikwama kwenye kifundo cha kidole gumba. Sonara akamletea maji ya sabuni. Bangili ilipoanza kuteleza, Dada alikuwa ameshavuka barabara.