Moshi wa Saa Nne

Mbuzi ndio walioacha kula kwanza. Wote waligeuza vichwa upande wa kusini wa uwanja, wakatulia kama waliopigiwa filimbi. Ndipo baba akasema, "Inakuja."

Nikatazama saa ya mezani kibandani. Saa tatu na nusu.

Baba yangu, Bartolomayo, alikuwa mlinzi wa uwanja wa ndege wa Dodoma, mwaka 1953. Kazi yake ilikuwa kufukuza mbuzi na kuwasha moto wa matawi mabichi ili rubani aone moshi, ajue uwanja ulipo na upepo unakoelekea. Mwezi wa tisa vumbi hufunika kila kitu. Lakini tangu masika macho yake yalikuwa yamekwisha. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwasha moto na kumsomea saa, kwa kuwa nilifika darasa la tatu. Bwana wa serikali hakujua. Na sisi wenyewe, hata nyumbani, hatukulitaja jambo hilo.

Asubuhi ile Halfani, tarishi wa posta, alikuja na baiskeli.

"Shikamoo, mzee. Simu imekuja. Ndege imeondoka Iringa saa tatu kamili. Maili mia na kumi, saa nzima angani. Yotham wako leo anashuka kutoka mbinguni, na mimi kiti hiki kinanimaliza."

"Marahaba. Nawe ukiitwa mbinguni, utakwenda na baiskeli hiyo hiyo."

Halfani akaondoka akicheka.

Yotham ni kaka yangu. Alikuwa dresa wa hospitali, mfunga vidonda, na alikuwa amekwenda Iringa kuchukua dawa.

Baba aliposema inakuja, niliwasha moto. Mngurumo ukashuka, ukapita mbele yetu chini chini, na moshi wangu ukalala chini kana kwamba kitu kikubwa kimeupita. Nilisikia magurudumu yakikwaruza changarawe, kisha yakasimama. Injini ikazimika. Uwanjani hapakuwa na kitu.

Baba alikuwa akitabasamu. "Imewahi leo. Zima moto, mwanangu, usije ukachoma malisho. Kisha unipeleke nikamsalimie kaka yako."

Nikamwaga maji na mchanga. Nikamshika mkono, tukaenda mpaka katikati ya uwanja. Palinuka mafuta ya ndege. Baba akanyoosha mkono wake wa kulia, ukatikisika kama mkono unaposalimiwa.

"Yotham," akasema, "mbona una baridi hivi?"

Saa nne kamili mngurumo wa pili ulikuja, juu ya vumbi. Ukazunguka mara tatu. Nilikimbia kuwasha, lakini matawi yalikuwa yamelowa. Ukaelekea mashariki, ukafifia, ukaisha.

Waliiona ndege siku ya nne, kwenye vilima vya upande wa Gulwe. Hakupona mtu.

Bwana wa serikali aliuliza kama moshi ulikuwepo.

"Ulikuwepo," baba akajibu. "Ndege ilitua. Nilimshika mwanangu mkono."

Walisema uchungu umemvuruga akili. Hawakuniuliza mimi, nami nilikuwa nyuma ya mlango, natazama vidole vyangu vya miguu.

Baba alifariki mwaka jana. Kumwambia nilichokiona siku ile kungekuwa kumwambia kwamba yeye haoni, nami niliona haya. Maneno yenyewe yalikuwa machache.

Baba, uwanja ni mtupu. Tuache moto uwake.