Ngege wa Bwawa la Mugeta

Tulipohamishiwa kijiji kipya cha Mugeta mwaka sabini na nne, wote wanne tuliingia nyumba ya chumba kimoja: mimi, mume wangu Clementi, binti yetu Jeska, na mama mkwe, Wegesa. Kitanda chetu na cha mama vilitenganishwa na kanga tu. Mwaka ukapita, wa pili ukaingia, tumbo langu kimya, na mama akaanza kumtafutia mwanawe mke wa pili huko Bunda. Wala hakunificha. Nilichukia mpaka ugali ukawa haupiti.

Clementi naye alikuwa na lake. Yeye ndiye bwana samaki wa kijiji. Alileta ngege wa ziwani kutoka Musoma ndani ya pipa, tukawachimbia bwawa kwa majembe, na sasa hakuna aliyezidi kidole cha mkono. Watu walimtania kwamba anafuga dagaa.

Jioni moja nilikwenda bwawani na ndoo kuchota ngege wa mboga, mama akanifuata. Nikamshika ngege mmoja, mayai ya njano yakamwagika kutoka mdomoni. Mama amekulia Kiriba, kando ya ziwa, anajua kwamba ngege huatamia mdomoni. Kilichomshangaza ni udogo wake.

“Kwetu aliyebeba mayai anajaza sahani,” alisema. “Huyu mtoto kazaaje?”

Nikamweleza nilivyosikia kwa Clementi: si mtoto, ni mtu mzima. Ziwani kuna nafasi na chakula, ngege hukua kwanza ndipo azae. Hapa wamesongamana, chakula haba, kwa hiyo anaacha kukua, anawahi kuzaa.

Mama akamgeuzageuza yule samaki kiganjani.

“Kumbe hata wakibanwa wanazaaga,” alisema. “Wewe je, mama Jeska?”

Kwetu mkwe haambiwi mambo ya chumbani. Lakini maji yalikuwa yamenifika shingoni.

“Mama,” nikasema, “ngege halalagi chumba kimoja na mama mkwe wake.”

Alimrudisha samaki majini, akajitwisha ndoo yangu, akatangulia nyumbani. Niliogopa sana. Usiku kucha sikulala.

Asubuhi alimwomba Clementi fito na nyasi. Kibanda kilipokauka udongo alihamia humo, akamchukua na Jeska, na habari za Bunda sikuzisikia tena. Majirani walipomuuliza kwa nini amejitenga, aliwajibu kwamba mwanawe anakoroma.

Clementi hajawahi kukoroma.