Mchanga Ulimini

Bi Zeyana aliinama, akachota mchanga kwa ncha za vidole viwili, akautia mdomoni.

"Mama!" Muataz aliruka kutoka juu ya matofali. "Unakula nini?"

Bi Zeyana alifumba macho, kama afanyavyo mbele ya sufuria yake ya shaba kule Dunda, halua inapoanza kuachia kingo na wateja wamekwisha simama mlangoni. Miaka ishirini na miwili ulimi huo ndio uliolisha nyumba. Uliwajua wauza samli waongo. Ulilijua hata tone la maji ya kisima kilichoanza kuharibika. Haukuwahi kumdanganya, na leo alitamani umdanganye.

Mchanga ulikuwa na chumvi.

Alitema pembeni, akajifuta kwa pindo la mtandio. Mbele yake, kwenye kiwanja cha Zinga alichokifyeka mwanawe kwa mikono yake, yalikuwa yamepangwa matofali mia mbili na thelathini. Muataz aliyafyatua mwenyewe, moja moja, Ijumaa baada ya swala na Jumapili kutwa, siku ambazo cherehani yake ya kanzu ilipumzika. Kesho yangeanza kupanda ukuta. Harusi ilikuwa mfunguo tatu, na kijana alikwisha apa mbele ya ukoo mzima: Nawal haolewi chumbani kwa mama mkwe.

Tena alikataa msaada wa kila mtu. Mama alimletea bangili zake za dhahabu, akazirudisha zikiwa zimefungwa katika leso ileile. "Nyumba hii ni jasho langu, mama. Hata msumari wa kupewa siutaki." Bi Zeyana alikasirika siku ile, kisha akaenda kujisifu kwa majirani wote wa mtaa.

Leo alikuja na sinia la wali kuangalia tu. Angeweza kunyamaza, akapakua wali, akarudi kwenye sufuria yake. Nani angejua?

"Mwanangu, mchanga huu umeutoa wapi?"

"Kule nyuma ya mikoko. Nimeuchota mwenyewe, toroli kwa toroli. Kwani vipi?"

"Una chumvi."

Muataz alicheka. "Sasa mama, mchanga nao unaonjwa kama halua? Nimeuanika wiki nzima juani."

"Jua halili chumvi, baba. Laikoleza."

Fundi Abdulwahab, aliyekuwa akivuta uzi juu ya msingi, alikohoa. "Mimi nilimuuliza, Bi Zeyana. Mchanga wa msingi nilileta mwenyewe. Huu wa matofali akanambia, fundi wewe shika uzi wako, mchanga niachie mimi."

"Nawe ukanyamaza na ndevu zako zote hizo?"

"Mwenye nyumba kasema! Na ukali wa huyu unaujua. Kaurithi, wala hakuununua dukani."

"Basi semeni!" Muataz alirusha koleo chini. "Semeni nimeshindwa. Mpelekeeni habari mjomba Dadi, alale anacheka!"

Hapo ndipo palipomuuma. Dadi, kaka yake Bi Zeyana, alikuwa na shamba bondeni, mwendo wa dakika ishirini kutoka pale, kando ya kijito chenye mchanga safi kama wanga. Lakini siku ya posa, mbele ya wageni, alimtazama mpwa wake juu mpaka chini, akasema, "Huyu fundi wa vifungo akijenga, mchanga nitambebea mimi kichwani." Watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Tangu siku hiyo Muataz huzunguka njia ya mbali ili asipite shambani kwa mjomba.

Bi Zeyana aliketi juu ya tofali, polepole. "Ukuta wa chumba ulicholala miaka yote, kila mwaka kabla ya Ramadhani hutoa nini?"

"Unga mweupe. Baba alisema ni hewa ya bahari."

"Marehemu Mahfoudh, Mungu amrehemu, alisema hivyo mpaka mwaka aliofariki. Alipaka rangi, ukuta ukaitema. Akapaka, ukatema. Mchanga wa nyumba ile aliuchota pwani, mwenyewe, kwa sababu hakutaka cha mtu. Na nani aliyekwangua ukuta?"

Muataz alitazama chini. "Wewe."

"Na wa huku utakwanguliwa na nani? Na Nawal?"

Upepo ulipita, ukatimua vumbi la saruji. Muataz aliinama. Alichota chembe kidogo, akaitia ulimini, na uso wake ukabadilika kabla hajameza mate.

"Ningeweza kwenda kwa Dadi mwenyewe," mama alisema. "Siendi. Kuomba nako kuna jasho lake."

Kijana akavua glavu zake, akazitupa juu ya toroli, akashika njia ya bondeni kwa miguu. Wali ukapoa. Hakuna aliyeugusa.

Jumapili iliyofuata kirikuu kilichosheheni mchanga kiliingia Zinga mwendo wa kobe, maana kilikuwa kinamfuata mtu. Mzee Dadi alikataa kupanda. Alitangulia mbele, karai la mchanga kichwani, shingo imesimama kama mwari anayetolewa ndani, akipiga kelele njia nzima.

"Nilikula kiapo, nakilipa! Mpwa wangu anajenga! Tazameni shingo ya mzee inavyopata adabu!"

"Shikamoo, mjomba," Muataz alisema, akijibana asicheke.

"Marahaba, fundi wa vifungo. Nitue upesi, nisije nikafa ukanirithi na shamba." Alipotuliwa aligeukia matofali ya chumvi. "Na haya?"

"Banda la kuku," Muataz akajibu.

"Vizuri. Mayai yatatoka yamekwisha kolea."

Maulida, shangazi yake Muataz, aliangua kicheko huku akipokezana ndoo za maji na kina Nawal, waliokuja na makoleo yao. Fundi Abdulwahab alipiga hesabu kwa vidole: wakija wote hivi kila wiki, mfunguo tatu utakuta paa. Akafungua mfuko wa saruji, akainua koleo.

"Ngoja," alisema Muataz.

Alichota mchanga kidogo kwenye karai la mjomba, akaubeba kiganjani kama mtu aliyebeba kifaranga, akapita katikati ya watu wote mpaka kivulini chini ya turubai, ambako Bi Zeyana alikuwa akikata halua.

"Mama," alisema, akafungua kiganja.

Bi Zeyana aliweka kisu chini. Kando ya kijito kile ndiko alikozaliwa, na mchanga wake aliujua tangu hajaota meno. Hata hivyo alifuta vidole, akachukua chembe moja, akafumba macho. Nyuma ya kijana, koleo la fundi lilikuwa bado hewani, na Dadi kashika shingo yake.

Hakuwa na haraka. Halua nzuri haiharakishwi.