Mtumishi Aliyehamia Chumba cha Cherehani

Mtumishi wa Mungu, kama alivyojiita mzee yule, aliingia nyumba ile kwa mlango wa shukrani, na aliyeingia kwa mlango huo ni kazi kumtoa. Mwenye nyumba, dereva wa lori, alikuwa amempa lifti siku breki zilipogoma mteremkoni. Mzee akanyoosha mikono, akakemea, lori likasimama. Mke wa dereva, fundi cherehani, alipopata habari kwamba lilisimama kwa kujichomeka kwenye lundo la mchanga, aliuma ulimi. Mume karudi mzima, ya nini kuutetea mchanga?

"Atapumzika siku mbili tatu," mume alisema.

Mvua zikaisha, zikaja nyingine, Mtumishi yupo. Methali ya kumpa mgeni jembe fundi aliijua, lakini nyumba ilikuwa imebanwa kati ya gereji na duka la rangi, angelima wapi? Chumba chake cha kushonea kikawa chumba cha maombi. Cherehani ikahamishiwa sebuleni, nyuma ya kochi, na hata huko haikupona.

"Mama, hicho chuma chako kinanikatia mawasiliano," Mtumishi alilalamika, huku akisogeza kikombe aongezewe chai.

Akilala, watu wananyata. Akifunga, nyumba nzima imefunga. Siku ya kufungua, mnofu ni wake na mchuzi ni wa wenyeji.

Fundi naye sala alisali, ila kimyakimya, bila kumwamsha jirani. Alivumilia kwa ajili ya mama mkwe wake. Bibi yule alikuwa mjane, mwanawe mtu wa safari, na sasa kila alasiri alipata mtu wa kuketi naye, kuomba naye, na kumfungulia moyo.

Siku moja, lori likiwa gereji na dereva yupo nyumbani, alikuja msichana kujaribu gauni lake la harusi. Alisimama katikati ya sebule, fundi kapiga magoti na pini mdomoni, akipima upindo. Mtumishi akatoka chumbani. Akamtazama binti, akalitazama gauni, akatikisa kichwa.

"Binti yangu, gauni la ndoa halishonwi na mkono wa mwanamke ambaye tumbo lake halishiki. Wawili wameshamtoka. Unataka kwenda kuivaa huzuni yake?"

Fundi alitema pini kiganjani moja moja. Mambo hayo yalijulikana na watu watatu tu duniani: yeye, mumewe na mama mkwe. Binti alikwisha kuvua gauni, analia, anatafuta viatu. Akaondoka bila kuaga.

"Nani kakwambia?" fundi aliuliza.

"Nimefunuliwa."

"Hukufunuliwa!" Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. "Nilikwambia mimi, kwa machozi yangu. Nilikwambia uombe. Sikukwambia utangaze!"

Dereva akaingia kati, mikono juu kama anayeongoza magari. "Jamani, tusiseme kwa hasira. Huyu ameokoa maisha yangu."

"Basi muoe," fundi alimjibu. "Wale wawili walikuwa watoto wako pia. Umesikia alivyowaanika mbele ya mteja, kama nguo kwenye kamba? Na bado unamtafutia maneno laini!"

Dereva alishusha mikono. Kisha akaingia chumbani, akatoka na begi la mzee, akaliweka nje bila kumtazama usoni.

"Laana itabaki humu ndani," Mtumishi alisema.

"Iache hapo mlangoni," alijibu mama mkwe. "Tutafagia."

Kabla ya jua kuzama, Mtumishi alikuwa amekwisha kukaribishwa kwa mwenye duka la rangi. Binti wa harusi hakurudi. Mama yake alituma mtu kuchukua gauni kama lilivyo, na fundi akakaa akalimalizia upindo kwanza, maana kazi yake haikuwa na kosa. Mtaani minong'ono ilizagaa, na wateja wawili wakakata mguu.

Mama mkwe alimfuata fundi alipokuwa akishona. "Nisamehe, mwanangu. Nilidhani nakusaidia."

"Ungeniombea mwenyewe, mama. Kwani Mungu ana dalali?"

Bibi akacheka, kicheko kikageuka kilio, na fundi akaiacha kazi akamshika mkono. Huyo alimsamehe palepale.

Mume alikuwa habari nyingine. Alirudisha cherehani chumbani, akatia mafuta ambayo hakuombwa, akaosha vyombo kwa kelele ili asikike. Baada ya wiki akajikaza.

"Mke wangu, bado tu una hasira?"

"Ninayo."

"Itaondoka lini?"

"Sijui," fundi alisema, akikata uzi kwa meno. "Izoee tu, kama nilivyomzoea mgeni wako."